Ajali Ina Kinga

Ipo methali moja katika lugha yetu ambayo imefanya madhara makubwa kwa kutumiwa mahali pasipo pake. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Maneno haya yana haki yake. Mkulima aliyepigwa na radi shambani hakuitafuta radi, wala aliyeangukiwa na mti mzima usio na dalili ya kuoza hakuuomba umwangukie. Watu wa namna hiyo wastahili kufarijiwa kwa methali hiyo. Lakini maneno yaliyotungwa kuwafariji waliofikwa na mambo wasiyoweza kuyazuia yamegeuzwa kuwa shuka la kuwafunika watu waliojua, wakaona, wakaweza kuzuia, na wasizuie. Katika insha hii nakusudia kulivua shuka hilo juu ya jambo moja tu, nalo ni kuendesha gari kwa matairi yasiyofaa majira yaliyopo. Nasema kwamba mtu apelekaye abiria mvuani juu ya matairi yaliyo vipara hafikwi na ajali gari linapoteleza. Huvuna alichopanda, na la kusikitisha ni kwamba mavuno yake hugawiwa watu ambao hawakupanda.

Tuanze karibu na nyumbani. Uriri, katika Kaunti ya Migori, iko kwenye barabara kuu itokayo Kisii, ikapita Rongo na Awendo, kisha Uriri yenyewe na mji wa Migori, hata ikafika Isebania mpakani mwa Tanzania. Barabara hiyo ni ya lami. Kuliani na kushotoni kwake zimetawanyika njia za udongo na changarawe ziendazo vijijini, kati ya mashamba ya miwa, mahindi na tumbaku. Wakati wa kiangazi njia hizo hutoa vumbi, na lami huwa kavu kama kigae. Masika yafikapo, kati ya Machi na Mei, vumbi lile lile hugeuka utelezi. Trekta za miwa hutoka mashambani na tope magurudumuni, zikaliacha juu ya lami. Mvua ikinyesha kidogo tope hilo huwa kama sabuni. Hakuna mtu wa Uriri asiyelijua jambo hili. Mtoto wa miaka 6 ajua kwamba siku ya mvua hawezi kukimbia njiani kama alivyokimbia jana. Hupunguza mwendo, huvua viatu vyake vilivyolika nyayo, huchimbia vidole ardhini. Akili aliyo nayo mtoto huyo wapo wenye magari wasiyo nayo. Masika huwakuta na matairi yale yale ya kiangazi, yamelika hata yakawa laini kama kichwa kilichonyolewa, nao huendelea kuita abiria kana kwamba mbingu hazikufunguka.

Ili tuwahukumu kwa haki, yatupasa kwanza kujua tairi ni kitu gani na lina kazi gani. Tairi la upepo si kitu cha kale sana. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland aliyekaa Belfast, alipata hataza yake mwaka 1888, baada ya kutengeneza magurudumu ya mpira yenye upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu siku hizo mpira umebeba uzito wa dunia. Hata hivyo, motokaa yote, pamoja na watu na mizigo yake, hugusa ardhi kwa mahali 4 tu, na kila mahali hapazidi sana upana wa kiganja cha mtu mzima. Usukani, breki na nguvu za injini havina njia nyingine ya kuamuru barabara isipokuwa kupitia viganja hivyo vinne. Pikipiki ya bodaboda ina viwili tu.

Barabara ikiwa kavu, tairi lililo kipara hushika vizuri. Msomaji asistaajabu, huo ndio ukweli, na ndio asili ya udanganyifu wote. Tairi lisilo na mifereji hugusa lami kwa uso mpana zaidi kuliko lenye mifereji. Kwa sababu hiyo magari ya mashindano ya Formula 1 yalianza kuvaa matairi laini yasiyo na mifereji mwaka 1971. Kwa hiyo mwenye gari la kipara hudanganyika katika Januari na Februari kwamba hana kasoro. Gari husimama akitaka lisimame, hupinda akitaka lipinde, naye hujisifu kwamba tairi lake bado lina uhai. Hajui kwamba alilo nalo ni tairi la kiangazi peke yake.

Mvua ikinyesha mambo hubadilika, na badiliko hili laweza kupimwa kwa hesabu ya darasani. Chukua tairi lenye upana wa sentimita 16 na nusu, katika gari liendalo kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na mita 22 kwa sekunde. Kama lami imefunikwa na maji yenye kina cha milimita 3, basi tairi moja lapaswa kuondoa lita 11 hivi za maji kila sekunde moja. Jerikani ya lita 20, ambayo mama zetu huibeba kichwani kutoka mtoni, ingekwisha katika sekunde zisizofika 2. Maji hayo yatapita wapi? Katika tairi jipya hupita katika mifereji, yenye kina cha milimita 8 hivi. Katika tairi lililo kipara hayana pa kupita. Yasipopita pembeni hujikusanya mbele ya gurudumu, kisha huingia chini yake, na gari huinuka likaelea. Tangu hapo dereva hashiki usukani wa gari. Ashika usukani wa mtumbwi usio na kasia.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1963 shirika la anga la Marekani, NASA, lilichapisha utafiti wa Walter Horne na mwenzake Dreher juu ya magurudumu ya ndege yanayoelea majini wakati wa kutua. Waligundua kwamba penye maji mengi yasiyopata njia, mwendo ambao gurudumu huanza kuelea hutegemea upepo uliomo ndani yake. Chukua ratili za upepo kwa inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 16.7, utapata kilomita kwa saa. Tairi la ratili 25 lina kipeuo cha 5, nalo huelea karibu na kilomita 83. Tairi lililopungukiwa hata likabaki na ratili 16 lina kipeuo cha 4, nalo huelea karibu na kilomita 67. Sasa kumbuka kwamba magari ya abiria ya Kenya yameruhusiwa kwenda hadi kilomita 80. Basi dereva mwenye matairi vipara yaliyopungua upepo aweza kuitii sheria ya mwendo kwa ukamilifu, na bado akaelea na abiria wake hata shimoni. Kidhibiti mwendo hakimwokoi mtu asiye na tairi.

Labda atatokea mtu aseme kwamba kasoro ni ya umaskini wetu, na kwamba tairi likiwa jipya na la thamani shauri limekwisha. Huyo naye amekosea, na ili kuliona kosa lake twapaswa kuzitazama nchi za baridi, ambako wengi wa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaishi na kuendesha magari. Huko yako matairi ya fahari, mapana, yaliyotengenezwa kwa magari ya kasi na kwa siku za joto. Bei yake ni kubwa, na juu ya lami yenye joto hayana mfano. Walakini mpira wake umechanganywa uwe imara katika joto, na kwa ajili hiyo hukakamaa katika baridi. Madereva wa huko hufundishwa kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za sentigredi, mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko. Barafu ikitanda, tairi hilo la fahari huteleza kama kipande cha ubao. Mwenye kuja kutoka nchi ya jua, akanunua motokaa nzuri mwezi wa Julai, aweza kujikuta mwezi wa Desemba hawezi kupanda hata kilima kidogo, na matairi yake bado ni mapya yanang'aa. Jambo ni kwamba tairi jema ni lile lipatanalo na majira, na thamani yake katika majira mengine si hoja.

Watu wa baridi hawakulijifunza jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1934 kiwanda cha Suomen Kumitehdas cha Ufini kilitengeneza tairi la kwanza duniani lililokusudiwa majira ya baridi, nalo lilikuwa la malori. Mwaka 1936 likafuata la motokaa ndogo. Baadaye sheria zikafuata maarifa. Jimbo la Québec nchini Kanada limelazimisha matairi ya baridi tangu mwaka 2008, na sasa muda wa amri hiyo ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani, katika sheria iliyofafanuliwa mwaka 2010, haikutaja tarehe bali ilitaja hali: penye theluji, barafu au utelezi wa baridi, gari lisilo na tairi linalofaa lisiende. Naipenda hekima ya sheria hii, maana mvua za Uriri nazo haziheshimu kalenda. Baridi yao ni theluji. Yetu ni tope. Jina ni jingine, hatari ni moja.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, na katika mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Madereva hao walikuwa mabingwa. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mabingwa wa kizazi kingine walifika na shehena za matairi, wakichagua ya kuvaa kwa kutazama njia na mawingu. Hata wale wa Formula 1, mvua ikinyesha huacha matairi laini, huingia kubadilisha, na hukubali kupoteza wakati ambao waliupigania kwa roho zao. Ikiwa bingwa wa dunia asiye na abiria wa kulipa nauli hathubutu, ni nani aliyempa ruhusa mwenye gari la Uriri kuthubutu kwa roho za watu 14?

Sasa tusikilize utetezi wake. Wa kwanza husema, "Mimi ni dereva stadi, nimeendesha njia hii miaka 20." Jibu lake ni fupi. Ustadi wa dereva hutoka kichwani, hupita mikononi, hupita usukanini, na mwisho wa safari yake ni tairini. Tairi lisiposhika, ustadi wote huishia hewani. Mwogeleaji bingwa hafui dafu akitupwa mchangani.

Wa pili husema, "Fundi amelichonga, limepata mifereji mipya." Kando ya barabara zetu wako watu wachongao tairi la kipara kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo halikutengenezewa mpira wa ziada wa kuchongwa. Kisu hicho hakiongezi mpira. Hupunguza ule mchache uliobaki na kusogelea nyuzi za ndani, hata tairi likawa na sura ya ujana na mifupa ya uzee. Kipara huonyesha aibu yake wazi. Hili huivika kanzu. Atendaye hivi ameongeza ulaghai juu ya uzembe.

Wa tatu husema, "Tairi ni ghali, na biashara ni ngumu." Huyu nitamsikiliza kwa huruma zaidi, maana kweli tairi ni ghali na wenye magari wengi wana madeni. Walakini bei ya tairi hugawanyika. Hugawanyika kwa maelfu ya kilomita na kwa mamia ya abiria, hata fungu la kila mmoja likawa dogo mno. Bei ya mguu uliovunjika haigawanyiki; hulipwa yote na mtu mmoja, na aghalabu si mwenye gari. Mama aendaye soko la Awendo na kuku wake wawili hakuombwa ushauri kama yu tayari kuweka mguu wake rehani ili gari lipate faida. Biashara isiyoweza kujilisha pasipo kula miguu ya wateja wake haistahili kuitwa biashara ngumu. Ina jina jingine.

Wa nne hasemi kitu mpaka siku ya mazishi, ndipo asemapo kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nauliza tu kwa nini Mungu hatajwi siku ile mwenye gari anapotazama tairi lake, akaona nyuzi zimetokeza, akasema litafika tu. Amtajaye Mungu kaburini ingempasa kumtaja gereji.

Na sheria je, haipo? Ipo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, yataka gari na sehemu zake zote, matairi yakiwamo, yatunzwe katika hali isiyoleta hatari kwa walio ndani yake na watumiaji wengine wa barabara. Maneno hayo yatosha kusimamisha kila kipara kati ya Rongo na Isebania. Lakini sheria ni kama tairi: haina kazi mpaka iguse barabara. Askari apokeaye noti akafumba macho ameinyoa sheria ikawa kipara. Abiria aonaye na kunyamaza, kwa kuogopa kuitwa mjuaji au kuchelewa nusu saa, naye ametia mkono. Katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000. Sisemi kwamba wote waliuawa na matairi. Nasema kwamba katika hesabu hiyo wamo walioweza kuwa hai kama mtu mmoja angeinama na kutazama chini.

Vijana mnaosoma kurasa hizi, jambo hili ni lenu kuliko la mtu mwingine. Muhula wa pili wa shule hufunguliwa katikati ya masika. Mwaka 2024 mafuriko yalikuwa makubwa hata Serikali ikaahirisha kufungua shule kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Lakini katika miaka ya kawaida hakuna wa kuwaahirishia. Ninyi na masanduku yenu hupakiwa magarini siku hizo hizo za utelezi, na aliye juu ya pikipiki hubeba godoro mgongoni. Basi jifunzeni kuinama. Tazameni ndani ya mifereji ya tairi. Mtaona vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Uso wa tairi ukilingana na vituta hivyo, mifereji imebaki na milimita 1.6, kipimo ambacho nchi nyingi za Ulaya zimekataza gari kwenda chini yake. Tazameni ubavuni, mtaona tarakimu 4 mwishoni mwa mstari wa herufi. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, na mpira huzeeka hata usipolika. Ukaguzi huu hauhitaji fedha wala cheo. Wahitaji sekunde 10 na uti wa mgongo wenye kukubali kuinama.

Kisha semeni. Msiseme kwa matusi, maana dereva ni mzazi wa mtu, na mara nyingi yeye si mwenye gari bali mtumishi anayeogopa kufukuzwa. Semeni kwa heshima: "Mzee, tairi hili limekwisha, na mvua inanyesha, tutangoja gari jingine." Abiria mmoja akisema hivyo ataonekana mkaidi. Wakisema 10 mwenye gari atapata hasara ya siku moja, na hasara ya siku moja humfundisha jambo ambalo mazishi hayakumfundisha. Nauli yenu ni kura. Msimpigie mtu awapelekaye kaburini.

Wahenga waliosema kwamba ajali haina kinga ndio hao hao waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakupingana, walijua kila neno na mahali pake. Pasipo ufa, mtu na afarijiwe. Penye ufa unaoonekana kwa macho, tena umeonekana tangu Januari na masika yakabisha hodi mwezi wa Machi, faraja ni uongo. Ajali ya namna hiyo ina kinga, na kinga yake ni milimita chache za mpira.